Gego la mwisho likileta matata baada ya kung'olewa: mwongozo kwa aliye Longonot

Maumivu ya kung'olewa jino yana mwendo wake. Huchacha ganzi inapoisha, uvimbe wa shavu hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha vyote viwili huanza kushuka. Vikishuka kila siku, hata kama ni polepole, kidonda kinapona. Maumivu yakipungua halafu siku ya tatu au ya nne yakapanda tena, kuna jambo limeharibika ndani ya tundu na halitatengenezwa na vidonge vya dukani. Na uvimbe ukiacha shavu ukashuka chini ya kidevu na shingoni, hilo ni la kwenda nalo hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Tunaandika kuhusu Longonot kwa sababu watu wetu wako huko. Malori mazito yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Busia hufuata barabara ya chini ya Mai Mahiu, hupita ubavuni mwa mlima Longonot, kisha huingia Naivasha. Kuna vijana wa Pwani katika mashamba ya maua kando ya ziwa, katika mitambo ya mvuke ya Olkaria na katika bohari ya makontena ya Naivasha. Wengine huja kupanda mlima au kutazama mbio za magari za Safari Rally. Mtu hung'olewa gego Mombasa siku ya Jumatatu, na Jumatano kidonda kinapoanza kumtesa yuko kando ya barabara, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwa daktari aliyeling'oa. Swali la kwanza analojiuliza huwa moja: nivumilie mpaka nirudi nyumbani? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapa chini tutaeleza kwa nini.

Gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la hekima, huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati taya limekwisha kujaa meno. La chini ndilo lenye usumbufu zaidi. Mara nyingi hulala upande ndani ya mfupa, na mizizi yake hukaribia mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya. Daktari hulazimika kupasua ufizi, kupunguza mfupa kidogo na pengine kulikata jino vipande. Kwa hivyo kidonda chake hakilingani na cha jino la mbele lililovutwa kwa koleo dakika mbili. Anayekwambia "mimi niling'oa asubuhi na mchana nikala nyama" pengine aling'oa jino jingine.

Damu ya saa 24 za kwanza

Mate yenye rangi ya waridi kwa siku nzima ya kwanza si ajabu. Tone moja la damu likichanganyika na mate mdomo mzima huonekana mwekundu, na watu huogopa bure. Damu ya kuhangaikia ni ile inayojaa mdomoni ikawa nzito, ukaitema, ikajaa tena.

Dawa yake ya kwanza ni kubana. Chukua shashi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, kikunje kiwe kinene, kilowanishe kidogo, kiweke juu kabisa ya tundu na ukiume kwa nguvu dakika 30 kwa saa. Usifungue kuangalia kila baada ya dakika tano, maana kila ukifungua unaanza upya. Kama huna shashi, pakiti ya majani ya chai meusi iliyolowekwa ikapoa hufanya kazi nzuri, kwa sababu tanini iliyo ndani ya chai husaidia damu kuganda. Hakuna kioski cha Longonot kinachokosa pakiti ya chai. Keti wima wala usilale chali. Ukibana hivyo mara mbili na damu bado inajaa, nenda hospitali. Watakusafisha, watashona, na wanaweza kukupa dawa ya kusaidia kugandisha damu.

Anayetumia warfarini, klopidogreli au aspirini ya moyo aseme kabla ya kung'olewa na aseme tena akirudi na damu. Asiache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kiharusi ni kibaya kuliko tundu linalovuja. Vilevile soma karatasi ya dawa yoyote ya maumivu unayonunua dukani: baadhi zina aspirini ndani, nayo huzuia damu kuganda.

Donge la damu linaloziba tundu ndilo plasta ya kidonda hiki, na likitoka mfupa unabaki wazi. Kila sharti unalopewa siku ya kwanza lina shabaha ya kulilinda. Usitumie mrija, kwa sababu unapovuta unalifyonza donge pia. Kwa hiyo dafu lisubiri, au ulimimine kwenye glasi. Usiteme mate kwa nguvu. Acha yamwagike yenyewe kwenye sinki, au yameze. Usisukutue kabisa kwa saa 24.

Hapo Waislamu wengi huuliza kuhusu udhu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Pwani, kusukutua kinywa katika udhu ni sunna wala si faradhi, kwa hivyo udhu wa asiyesukutua siku hiyo unakamilika. Mwenye shaka amuulize ustadhi wake, lakini asiache swala na asiharibu kidonda. Na kama unaweza kupanga tarehe, usipange upasuaji wa gego katikati ya Ramadhani. Siku za kwanza utahitaji dawa kila baada ya saa sita au nane, maji mengi, na chakula kidogo kidogo.

Sigara ni adui mkubwa zaidi wa kidonda hiki. Moshi na nikotini hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na kule kuvuta kwenyewe hulifyonza donge. Kaa siku tatu bila sigara kwa uchache, na wiki nzima ni bora zaidi. Miraa na muguka nazo zina tatizo lake. Mtafunaji huziweka shavuni, pale pale nyuma penye tundu, na hutafuna kwa saa nyingi. Mwezi Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipotangaza marufuku ya muguka, mjadala ulikuwa wa vijana na biashara. Lakini dereva anayetafuna ili asisinzie siku mbili baada ya kung'olewa anakiweka kidonda chake hatarini kila anapotafuna.

Aliyekuja kupanda mlima naye asubiri. Kilele cha Longonot kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, njia ni ya vumbi na miteremko mikali, na juhudi kubwa hupandisha shinikizo la damu na kufungua kidonda kilichokuwa kimetulia. Ngoja wiki moja. Mlima hauendi popote.

Tundu kavu

Hili ndilo tatizo linalowarudisha watu wengi zaidi kwa daktari. Madaktari huliita tundu kavu: donge la damu limeyeyuka au limetoka kabla ya wakati, na mfupa wa taya uko wazi, ukiguswa na hewa, mate na chakula. Kwa ung'oaji wa kawaida humpata mtu 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini yaliyotolewa kwa upasuaji, idadi inayotajwa katika udaktari wa meno hufika hadi 30 katika 100. Wavutaji sigara, wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi na waliong'olewa kwa shida nyingi wamo hatarini zaidi.

Dalili zake zina sura moja. Mwanzoni ulikuwa na nafuu. Kisha, kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na mara chache hadi ya tano, yanakuja maumivu ya kupwita yanayopanda sikioni na upande mzima wa kichwa, yakikunyima usingizi. Mdomo una ladha mbaya na harufu. Ukiangalia kwa tochi ya simu mbele ya kioo, badala ya donge jeusi unaona tundu tupu, pengine na rangi ya kijivu au nyeupe ya mfupa. Homa huna, na uvimbe hauzidi. Hizo mbili za mwisho ni muhimu, kwa sababu ndizo zinazolitofautisha tundu kavu na maambukizi.

Na kwa kuwa si maambukizi, antibayotiki haiponyi tundu kavu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu huenda duka la dawa, hupewa amoksilini na metronidazoli, hazimsaidii, hurudi akapewa aina nyingine yenye nguvu zaidi, na siku tano zimekwisha. Mwenye duka hana kosa kubwa, ameulizwa dawa naye ameuza dawa. Lakini kinachohitajika ni mkono wa daktari: kuliosha tundu taratibu kwa maji ya chumvi yaliyo safi, kutoa mabaki ya chakula, na kuweka dawa ndani inayofunika mfupa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na wengi hupata nafuu muda mfupi baadaye. Pengine utarudi mara mbili au tatu kubadilishiwa. Hata bila matibabu tundu kavu hupona lenyewe, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10, lakini siku hizo ni ndefu sana kwa mtu anayeendesha lori usiku.

Dawa inayowekwa humo mara nyingi ina harufu ambayo Mpwani yeyote ataitambua: karafuu. Kiini chake, eujenoli, hutuliza neva, na madaktari wa meno duniani kote wamekitumia kwa muda mrefu. Ndiyo maana bibi zetu hawakukosea waliposhika mafuta ya karafuu kwa ajili ya jino. Ila tofauti iko katika kipimo. Mafuta ya karafuu yakimiminwa moja kwa moja ndani ya tundu lenye mfupa wazi huunguza nyama changa na kuchelewesha kupona, na pamba iliyolowekwa mafuta ikisahaulika ndani huwa makazi ya vijidudu. Kama huna njia ya kumfikia daktari usiku huo, tone moja juu ya kipande cha shashi kilichowekwa mdomoni mwa tundu kwa dakika chache, kisha kikatolewa, halitakudhuru. Chupa nzima itakudhuru. Chumvi ya mawe, majivu, dawa ya meno au spiriti visiwekwe kabisa.

Kwa maumivu yenyewe, mtu mzima mwenye afya hupata nafuu zaidi akitumia parasetamoli na ibuprofeni pamoja kuliko moja peke yake. Parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Ibuprofeni ni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au mjamzito aache ibuprofeni na amuulize daktari. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, kwani ni ndugu na zote huumiza tumbo na figo. Ukipewa dawa kali kama tramadoli au yenye kodeini, usiendeshe gari. Hilo halina mjadala kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Uvimbe unaoua

Kuanzia hapa soma polepole.

Maambukizi baada ya kung'olewa gego huja na homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha au ladha ya chumvi chungu mdomoni, na taya linalokaza zaidi kila siku. Mengi hutibika kwa kufungua usaha na kutoa antibayotiki sahihi. Kufungua usaha ndilo jambo la kwanza. Dawa bila kutoa usaha mara nyingi hupunguza homa tu huku jipu likiendelea chini kwa chini.

Lakini mizizi ya magego ya mwisho ya chini ina ubaya mmoja wa kimaumbile. Ncha zake ziko chini ya ule msuli unaotandikwa kama sakafu ya kinywa. Usaha ukitoka hapo hauishii mdomoni, bali huingia katika nafasi zilizo chini ya ulimi na chini ya taya, na kutoka hapo shingoni. Hali hii ilielezwa mwaka 1836 na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, na bado inabeba jina lake. Kabla ya antibayotiki iliua zaidi ya nusu ya waliougua. Siku hizi wengi hupona, lakini ni wale waliofika mapema. Anayekufa mara nyingi hafi kwa sumu ya damu, hufa kwa kukosa pumzi: ulimi husukumwa juu na nyuma, na koo huziba.

Ishara zake zijue wewe na aliye karibu nawe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema. Chini ya kidevu panakuwa pagumu kama ubao, pande zote mbili. Ulimi umenyanyuka. Mate yanamtoka kwa kuwa hawezi kumeza. Sauti imebadilika, kama mtu anayezungumza na kiazi cha moto mdomoni. Hataki kulala chali, anataka kuketi na kuinamia mbele. Ukiona mbili kati ya hizo, usimpe uji, usimpe dawa ya kumeza, usimlaze. Mwache aketi kama anavyotaka na umkimbize hospitali yenye madaktari wa upasuaji. Saa chache zinatosha kugeuza hali. Mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu ya mwili huharibikiwa haraka zaidi.

Ndiyo maana wazo la kupanda basi la usiku kurudi Mombasa "nikatibiwe kwetu" ni baya kuliko yote tuliyoyataja. Safari hiyo ni ya saa nyingi na sehemu kubwa yake ni giza kati ya Nairobi na Voi. Mtu aliyeondoka Longonot anaweza bado kumeza mate anaweza kufika Mtito Andei hawezi.

Pa kwenda

Aliye Longonot ana njia mbili za karibu. Mjini Naivasha, yapata kilomita 20, kuna hospitali kubwa ya umma yenye huduma za meno. Upande wa pili, ukirudi Mai Mahiu na kupanda ukingo wa bonde, iko hospitali ya misheni ya AIC Kijabe, yenye madaktari wa upasuaji. Kwa kesi nzito zaidi Naivasha huwapeleka wagonjwa Nakuru, kilomita 70 hivi mbele, katika hospitali ya rufaa ya kaunti ambayo wenyeji bado huiita PGH. Zahanati ndogo za kando ya barabara zinaweza kukupa sindano ya maumivu na barua ya rufaa. Zikikuambia "pumzika kesho uone" ilhali shingo inavimba, usipumzike.

Suala la pesa huwachelewesha wengi. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, na kila mtu anashauriwa awe amejisajili kabla ya kuumwa. Lakini hata asiye na bima wala shilingi asikae nyumbani na uvimbe wa shingo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Koo linaloziba ni dharura. Litaje neno hilo mlangoni, na likikataliwa uombe kuongea na daktari wa zamu.

Beba nini? Karatasi uliyopewa siku ya kung'olewa, inayosema jino gani, tarehe gani, na kama kuna mzizi uliobaki. Kama uliwahi kupigwa eksirei ya taya, piga picha yake kwa simu kabla hujasafiri. Vidonge vyote ulivyomeza uvibebe na pakiti zake. Daktari wa pili hawezi kukisia wa kwanza alifanya nini, na wewe pia hukuona. Omba maandishi hayo siku ile ile. Usione haya, ni yako. Na kabla hujakaa kwenye kiti chochote, orodha ya madaktari wa meno wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalowasajili. Afisa wa afya ya kinywa katika kituo cha kaunti ndogo anaweza kung'oa jino la kawaida vizuri kabisa. Gego lililolala ndani ya mfupa ni kazi ya daktari wa meno, na likiwa limekaribia neva, ni la bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Mambo mengine yanayotisha

Taya kukaza, kiasi kwamba vidole viwili haviingii mdomoni, ni kawaida kwa wiki moja hivi. Misuli imechoka na imevimba. Baada ya siku ya pili weka kitambaa cha moto shavuni na ufungue mdomo taratibu mara kadhaa kwa siku. Likikaza zaidi huku una homa, ni yale ya juu. Tukiwa hapo hapo: Wamaasai, ambao ndio walioupa mlima huu jina, walikuwa na desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, na sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mtu akishikwa na pepopunda taya likafunga, alishwe kupitia pengo hilo.

Mdomo wa chini, kidevu au upande mmoja wa ulimi kubaki na ganzi baada ya siku ya kwanza maana yake neva imeguswa au imevimba. Kwa walio wengi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi. Ganzi ya kudumu humpata chini ya mtu mmoja katika 100. Rudi uandikwe mapema, na uangalie usijiume wala usijichome kwa chai bila kujua.

Gego la juu likitolewa, maji unayokunywa yanaweza kutokea puani. Kuna uwazi wa hewa ndani ya mfupa wa shavu, juu ya mizizi ya magego, na ukuta kati yao ni mwembamba. Usipenge kamasi kwa wiki mbili, ukipiga chafya piga mdomo ukiwa wazi, na vumbi la Longonot litakupigisha nyingi, kwa hivyo funga kitambaa. Tundu dogo huziba lenyewe, kubwa hushonwa. Daktari ndiye wa kusema lipi ni lipi.

Baada ya wiki mbili au tatu ulimi unaweza kugusa kitu chenye ncha kali kikichomoza kwenye ufizi. Watu husema "daktari ameniachia jino." Mara nyingi ni kijipande cha mfupa ambacho mwili unakitoa, na hutoka chenyewe au huvutwa kwa dakika moja. Wakati mwingine daktari huacha kwa makusudi ncha ya mzizi iliyoshikana na neva, kwa kuwa kuitafuta kuna madhara zaidi. Alipaswa kukuambia.

Taya kuvunjika ni nadra, lakini lina wakati wake: wiki ya pili na ya tatu, maumivu yamekwisha, mtu anajiona mzima, anauma mahindi ya kuchoma au mfupa wa mbuzi na kusikia "ka!" Wanaume waliopita miaka 40 ndio wenye hatari zaidi. Kula laini kwa wiki nne upande huo: uji, viazi vya kuponda, mbaazi za nazi zilizoiva sana, samaki, ndizi.

Swali la maji huulizwa sana, kwa kuwa Nakuru na Naivasha zinajulikana kwa floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Sehemu nyingi visima hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kusukutua kwa maji hayo ya chumvi kisha kuyatema hakudhuru kidonda. Yachemshe yapoe, kwa ajili ya vijidudu, ukijua kwamba kuchemsha hakutoi floraidi. Vichujio vya mkaa wa mifupa, kama vile vilivyosambazwa na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru, ndivyo vinavyoipunguza. Na rangi ya kahawia kwenye meno ya waliokulia huko si uozo. Ikiwa mtu, baada ya gego lako, anakuambia meno yako ya kahawia yote yang'olewe pia, tafuta daktari mwingine.

Baada ya saa 24 za kwanza, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula. Kuanzia siku ya tano hivi, kama daktari hakukataza, nunua bomba la sindano lisilo na sindano, ulijaze maji hayo na kuosha tundu la chini polepole, maana wali hujificha humo. Ufizi hujifunga ndani ya wiki tatu au nne. Mfupa wa ndani huchukua miezi kadhaa kujaa.